Jicho la Mlango Wetu

Zamu yetu ya shule huisha saa saba mchana. Nikifika nyumbani, ghorofa ya nne, namkuta Bibi Sonun ameshaswali adhuhuri na kujilaza chumba cha ndani. Baba huwa karakana ya mabasi, Mama huwa kiwandani anashona. Mimi napasha supu, nakula, kisha naanza hesabu. Hapa mjini Bishkek tuko watoto wengi tunaoishi hivyo, na sote tumeonywa jambo moja: mtu akibisha, usifungue.

Siku moja ya mwezi wa kumi nilifungua.

"Mkaguzi wa gesi!" ilisema sauti ya mwanamume. Mlango wetu wa chuma haukuwa na tundu la kuchungulia, kwa hiyo ilinibidi niamini sauti tu. Alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, na kalamu sikioni. Mtu mwenye kalamu sikioni unamkataaje? Aliandikaandika kwenye karatasi, akasema, "Haya binti, nimemaliza."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwetu mtu haondoki mlangoni bila kuonja mkate, hata akiwa na haraka, hata kama hajakaa. Bibi alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

"Subiri uonje mkate," nikamwambia, nikakimbilia jikoni. Mkate ulikuwa kitambaani, na kifuniko cha jamu kilikataa kufunguka. Niliporudi na sahani, mlango ulikuwa wazi. Koti la Mama la manyoya halikuwapo kwenye ndoano. Buti mpya za Baba hazikuwapo, wala funguo za akiba.

Niliiweka sahani juu ya rafu ya viatu. Sikumwamsha Bibi. Nilichukua daftari nikaenda kwa rafiki yangu Raikan, ghorofa ya pili, nikakaa huko mpaka niliposikia sauti ya Mama ngazini.

"Meerim! Ulikuwa wapi?"

"Kwa Raikan. Tangu nimetoka shule."

Mama aliitazama ndoano tupu, kisha akaiona ile sahani: vipande viwili vya mkate na jamu pembeni. Akageukia chumba cha Bibi.

"Mama," akamwita taratibu, "umemfungulia nani leo?"

Bibi alitoka chumbani huku akifunga kilemba chake. "Mimi? Sijafungua." Akauona mkate. Akaushika, akaugeuza mkononi. "Sidhani kama nimefungua," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Nilijiambia nitasema baada ya chakula. Baada ya chakula nikajiambia nitasema kesho.

Baba alibadilisha kufuli kesho yake, na Jumamosi akanichukua twende soko la Osh, hapa hapa mjini, kutafuta jicho la mlango, la kuchungulia nje. Muuzaji alikuwa mama mnene aliyekaa katikati ya bawaba na makomeo.

"Mlango wenu una unene gani?" akauliza.

"Ni mlango tu, mama," akajibu Baba. "Wa kuingilia."

"Na mimi nauza macho ya milango ya kuingilia tu. Kijana, hili jicho ni bomba lenye vipande viwili, kimoja unakitia kwa nje, kingine kwa ndani, vinakutana katikati. Bomba likiwa fupi havikutani. Nenda kapime."

Basi tukarudi nyumbani, tukapima sentimita saba, tukaenda tena sokoni. Yule mama alitutandikia macho matatu. La plastiki lilikuwa rahisi, ila yeye mwenyewe alisema baada ya mwaka mmoja huoni kitu. La pili lilikuwa la shaba na kioo halisi, lina kifuniko kidogo cha ndani ili mtu wa nje asijue kama unamtazama. La tatu lilikuwa na skrini, na bei yake ilimfanya Baba akohoe.

"Nani atachungulia?" akauliza muuzaji.

"Mama yangu. Amemfungulia mwizi, akamkatia na mkate."

"Uuu, maskini. Ndiyo uzee huo. Wa kwangu alianza hivyo hivyo, mwisho akawasha jiko akaenda zake kulala." Akanigeukia. "Na wewe binti, umtunze bibi yako."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi ya soko zima ifunguke. Baba akalipia lile jicho la shaba, nami nikalishika ndani ya mfuko wake mpaka nyumbani.

Fundi Melis alikuja Jumanne jioni na keekee yake ya umeme. Baba alijisimamisha mbele ya mlango, akaweka kidole usawa wa macho yake. "Toboa hapa."

"Kaka, wewe mchana unakuwapo nyumbani?"

"Sipo."

"Basi peleka macho yako kando. Anayebaki ndiye anayepimwa."

Wakamwita Bibi. Akasimama mlangoni, mgongo umepinda, fundi akatia alama ya penseli usawa wa kifua cha Baba. Kisha keekee ikalia, vumbi la chuma likamwagika juu ya gazeti, na bomba likaingia bila shida. Baba akatoka nje, akafunga mlango.

"Mama! Unamwona nani?"

Bibi akasogeza jicho. "Naona mwanga. Na kitu kirefu."

"Ni mimi, mwanao!"

"Kama ni mwanangu, hiyo pua umeitoa wapi?"

Fundi alicheka, akaeleza kwamba kioo hicho hukuza pua ya kila mtu. Baba hakucheka. Alirudi akamwambia Bibi ajaribu tena, na tena, mara Mama yuko nje, mara fundi. Bibi hakumtambua hata mmoja. Macho yake yana mtoto wa jicho, sote tulilijua hilo, lakini jioni ile kila mtu alilichukua kuwa ushahidi.

"Jumamosi nitampeleka kijijini Kochkor kwa dada yangu," Baba alimwambia Mama fundi alipoondoka. Alidhani ananong'ona. "Hapa mchana hapafai tena kwake. Leo koti, kesho gesi yenyewe."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake. Mwanamke huyu hubishana hata juu ya chumvi ya supu. Safari hii aligeuka tu, akaenda jikoni. Nilimfuata kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Alikuwa amekaa mezani, ametandua kitambaa cha mkate, anautazama.

"Meerim, nisaidie," akasema. "Kila nikilala najaribu kumkumbuka yule mtu na simpati. Alikuwa mrefu? Mkate nilimpa mwenyewe mkononi, au niliuweka tu pale rafuni? Nikikumbuka hata kitu kimoja, nitajua bado nina akili kidogo."

Nililia hata kabla sijafungua mdomo. "Hukumbuki kwa sababu hukuwapo, Bibi. Ulikuwa umelala. Nilifungua mimi. Mkate nilikata mimi."

Niligeuka nikawaona Baba na Mama mlangoni. Nikayasema yote tena, kizibao, kalamu, jamu, uongo wa kwa Raikan. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyepaza sauti, na ingekuwa afadhali wangepaza. Baba alipiga magoti mbele ya mama yake, akauweka mkono wa Bibi usoni pake. "Nisamehe, Mama," akasema. "Sikukuuliza vizuri hata mara moja."

Bibi alimpapasa kichwa, lakini alikuwa akinitazama mimi.

"Kumkaribisha mtu mkate si kosa," akasema. "Kumfungulia usiyemjua ni kosa la mtoto, nalo tungelimaliza siku ile ile. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Mwizi alichukua koti na buti. Wewe ulichukua akili yangu, na wiki nzima nimetembea bila hiyo, nikijiogopa mwenyewe. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kuna mtu anaubeba mzigo wako, na hajui hata ni wa nani."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Mama naye alinisamehe, ingawa koti halikupatikana kamwe na baridi ile alikwenda kazini amevaa sweta mbili chini ya koti jembamba. Kila asubuhi nilimwona akifunga vifungo, na sikuwa na la kufanya.

Bibi hakwenda Kochkor. Alipelekwa kwa daktari wa macho, akapewa tarehe ya upasuaji. Lile jicho la shaba, ambalo Baba hulichungulia kwa kuinama kama mtu anayetafuta sindano, lilikuwa sawasawa na urefu wangu, kwa hiyo mchungulizi nikawa mimi.

Siku mbili baada ya jicho kutiwa, mlango ulibishwa tukiwa tunakunywa chai. Nilifunua kifuniko. Niliona pua kubwa, na nyuma yake uso wa Fundi Melis.

"Nani?" nikauliza hata hivyo.

"Melis! Nimesahau penseli yangu!"

"Ni fundi kweli, Bibi. Nimemwona."

"Basi fungua," akasema Bibi, akiwa ameshaanza kukata mkate.