Goti Lililojua Kupanda Tu

Radi ilipiga mti wa pili kutoka kwenye mnara, na fundi akajua kazi imekwisha hata kama boliti mbili bado hazijakazwa. Akaanza kushuka ngazi ya chuma, uso ameuelekeza kwenye mnara, mvua inamchapa mgongoni kama kokoto. Tatu zishike, moja itembee: mikono miwili na mguu mmoja vishike, mguu wa pili ndio utafute kipandio. Ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa kila mpanda minara, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Goti la kulia lilimtii hadi kipandio cha mwisho. Alipokanyaga tope na kugeuka kuchukua mkoba wake, unyayo ulibaki pale pale, mwili ukaenda zake. Goti likateleza kwa ndani, likarudi. Akajikuta amekaa kwenye matope bila kuamua kukaa.

"Shemeji!" fundi akaita.

Mume wa dada yake, ambaye ndiye msaidizi wake wa kazi, alikuja mbio, kofia ngumu imekaa upande. "Umeanguka au umepumzika?"

"Limecheza."

Utani ukamkaukia shemeji mdomoni. Miezi kumi iliyopita kano ya goti hilo ilikatika kwa mlio wa kijiti kikavu, na madaktari wakamtengenezea fundi nyingine kutoka kwenye paja lake mwenyewe. Hii nayo ikikatika, walimwambia, minara uisahau.

"Kifunga goti chako kiko wapi?"

"Kwenye gari." Hakusema kwamba alikivua asubuhi ili msimamizi asikione.

Gari lilikuwa bondeni, ng'ambo ya kijito, na ndani yake mlikuwa na redio ya mawasiliano, maji ya kunywa na nguo kavu. Walipovuka asubuhi, kijito kiliwalowesha viatu tu. Sasa walikisikia kikinguruma kutoka huku juu kilimani.

"Tuna saa moja," shemeji akasema. "Ikizidi hapo hatuvuki. Tutakesha huku na radi."

Akamshika kiuno, wakaanza kuteremka. Hatua ya tatu goti lilitetemeka. Ya saba likateleza tena, na fundi akauma mkono wa koti ili asipige kelele. Chini yao kipande cha njia kilimeguka, kikaenda na vichaka vyake.

"Hebu nieleze," shemeji akasema, anahema. "Si ulituambia unapanda ghorofa sita kila siku? Dada yako alikusifia mpaka mimi nikanunua viatu vya mazoezi!"

"Nilipanda kweli."

"Na kushuka?"

Fundi akafuta mvua usoni. "Lifti."

Shemeji alisimama katikati ya dhoruba kama mtu aliyeambiwa harusi imeahirishwa. "Lifti?"

"Kushuka kulikuwa kunauma. Kwenye daftari la mazoezi nilijiwekea tu alama ya vema."

"Yaani umemdanganya daktari, goti linakuja kufanyiwa mtihani porini! Mficha maradhi—"

"Usimalizie, tafadhali."

Hakumalizia. Ngurumo ilimalizia kwa niaba yake.

Fundi aliutazama mteremko. Goti hili halikuwa na breki; kila alipoliambia lishuke lilimtupa mbele. Lakini kwenye mnara lilishuka vizuri, hata nusu saa haijapita. Akageuka polepole, akaupa mteremko mgongo, akaweka viganja vyote viwili kwenye tope.

"Unafanya nini?"

"Nashuka ngazi. Wewe tangulia, niambie pa kukanyaga."

"Nikikurudisha umevunjika, dada yako atanilaza jikoni."

"Basi niongoze vizuri."

Wakateremka hivyo, yeye kama mjusi ukutani. Tatu zishike, moja itembee. "Kushoto kuna mzizi," shemeji akaita. "Chini kidogo. Hapo." Kucha zilijaa udongo, kiganja kimoja kikachanika kwenye jiwe. Alilisikia goti likivimba ndani ya suruali. Hakuthubutu kulitazama.

Maji ya kijito yalikuwa yamefika mapajani, mekundu, yanabeba matawi. Shemeji akafunga kamba ya kazi kwenye shina la mti, akavuka nayo akiyumba, akaikaza kwenye ndoano ya gari. Fundi akafunga mkanda wake wa usalama kwenye kamba, akaingia.

Katikati, jiwe alilokanyaga lilibingirika. Maji yakauchukua mguu wa kulia, yakaupinda pembeni. Akaning'inia, maji kidevuni, masikio yanasubiri mlio wa kijiti kikavu.

"Vuta mikono!" shemeji akapiga kelele. "Mguu uachilie, mguu si wako kwa sasa!"

Akavuta. Mkono, mkono, tena mkono, mpaka vidole vya shemeji vikamkamata kola.

Ndani ya gari walikunywa maji wote wawili. Goti lilikuwa limekuwa boga. Shemeji alishika redio, akaita msaada.

Siku ya nne daktari alimlaza kitandani, akaushika mguu chini ya goti, akauvuta mbele. Fundi alitazama dari. Daktari akauvuta tena, akakunja uso, akauvuta mara ya tatu.

"Imeshika," akasema. "Kano ni nzima. Misuli ndiyo hamna."

Fundi alilia, kisha akaomba kalamu. Kwenye daftari la mazoezi akafuta alama thelathini na moja, moja moja, mbele ya daktari yule yule aliyemwandikia mazoezi hayo.

Miezi miwili baadaye, kwenye jengo lile la ghorofa sita, shemeji alizuia mlango wa lifti kwa bega. "Ingia basi, njaa inaniuma."

Fundi alikuwa amesimama juu kabisa, penye ngazi za kushuka, kifunga goti kimevaliwa juu ya suruali, mchana kweupe, kila mtu akione. Akashika reli. Akalitanguliza goti la kulia.

"Nenda," akasema. "Nitakukuta chini, leo au kesho."