Kijiti cha Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa na raha yake moja. Akishakula mchana, anatia kijiti cha meno mdomoni, kisha anajilaza kwenye kochi la mteja. Ukimuuliza, atakwambia analipima kama linakalika. Analipima mpaka anakoroma.

Wiki moja tumbo lilimsumbua kidogo kidogo, akapuuza. Asubuhi moja maumivu yakamkata ghafla, akajikunja kama jongoo. Akatapika. Homa ikapanda. Tumbo likawa gumu kama ubao.

Dada yake alifika mbio na dawa ya kuharisha, ya kumsafisha tumbo. Akamgeukia mke wa fundi.

"Wifi, umemlisha nini kaka yangu?"

Mke akamwonyesha chungu. Yeye na wanawe walikula chungu kilekile, na wote wazima.

Jirani yao muuguzi akaingia. Alimgusa mgonjwa tumbo kidogo tu, akaichukua ile dawa na kuiweka mbali.

"Tumbo likikaza hivi, dawa ya kuharisha inaweza kumuua. Asile, asinywe. Hospitali, sasa hivi."

Hospitalini, picha ilionyesha hewa nje ya utumbo, mahali isipotakiwa kuwa. Daktari akawaeleza kwamba utumbo umetoboka, uchafu unavujia tumboni, na asipopasuliwa leo atakufa. Umetobolewa na nini? Picha haikusema. Dada akamnong'oneza daktari habari za sumu. Daktari akamjibu kuwa watajua wakishafungua.

Saa zilipita. Daktari akatoka na kichupa mkononi. Ndani yake mlikuwa na kijiti cha meno, kizima.

"Hiki ndicho kimetoboa utumbo mpana. Mti hauonekani vizuri kwenye picha. Na mtu akikimeza usingizini, mara nyingi hajui."

Mke alikichukua kile kichupa.

"Mimi nahangaika kupika," akasema, "kumbe mwenzangu anakula mbao kazini."

Kisha akalia. Dada akamshika mkono, akaomba radhi.

Fundi alipozinduka alikataa katakata kwamba amemeza kijiti. Alipoonyeshwa kichupa, akakubali. Walimuwahi, akapona.

Siku hizi anachokoa meno ameketi, macho wazi, kisha anakivunja kijiti na kukitupa kabla hajainuka. Na mtaani, mtu tumbo likimkamata ghafla na kukaza, dada ndiye wa kwanza kuita gari. Haulizi nani kapika.