Mume Asiyetetemeka

Keith Postlethwaite alitoka ziwani asubuhi ile ya Novemba bila kutetemeka.

Kwani kuna ajabu gani, utasema. Lakini waogeleaji wa ziwa hilo la Skelmere ni watu wa namna yao. Kila Jumamosi, wanaume na wanawake wenye pensheni zao na akili zao timamu, wanaingia kwa hiari yao kwenye maji ambayo bata wenyewe wanayafikiria mara mbili. Kisha wanatoka, wanajifunika majoho yao manene, na hapo ndipo baridi inapowaingia kikweli. Wanatetemeka mpaka chai inamwagika vikombeni, huku wakitaniana nani katetemeka kama mbuzi na nani kama mashine ya kufulia. Asiyetetemeka wanamwogopa. Wote wamefundishwa kwamba mwili uliopoa ukiacha kutetemeka, umekata tamaa.

Keith alisimama kwenye changarawe, akapokea kikombe kutoka kwa mkewe, na chai haikucheza hata kidogo.

"Leo umekuwa chuma, bwana," Hilary alimtania.

"Maji matamu," alisema Keith.

Matamu! Keith huyo huyo ambaye kila wiki alitoka akiyatukana maji yale matusi ya kumfanya kasisi azibe masikio. Denise, rafiki yao, ambaye hukata keki ya tangawizi baada ya kuogelea, alimwangalia Keith usoni, akamwangalia mikononi, kisu kikamsimama kwenye keki.

"Naona jua litatoka baadaye," Denise akasema.

Wote wakakubaliana kwamba jua lingetoka.

Hao ndio watu wa bonde lile, na mimi nawapenda lakini wananitia wazimu. Ukimkanyaga mmoja wao mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mgeni akikaa mno hawamwambii aondoke. Watapiga mapaja, watasema "haya basi," watakusanya vikombe, na asipoelewa watamwongezea chai. Hilary alikuwa hodari wao. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu yeyote toka.

Nyumbani, Keith alikaa kwenye kiti chake na joho lake hakulivua. Harufu ya matope na majani yaliyooza ikakijaza chumba. Hilary alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Usiku alikuta upande wa pili wa kitanda umelowa chapachapa, na asubuhi akatandika shuka mpya bila kusema lolote, maana angeanzaje? Mchana alizunguka nyumba nzima akifuta vitu vilivyokwisha futwa. Kila wakati wa chakula alimpakulia, na kwa kuwa mdomo ulizoea, akamuuliza, "Viazi zaidi, mpenzi?"

"Tafadhali," alisema yule aliyekaa kwenye kiti cha Keith, na kila mara akasogea karibu kidogo.

Katikati ya wiki Hilary alikwenda bafuni kupiga mswaki. Maji ya nyumba zote za bonde lile yanatoka ziwani, yanapita mabomba ya zamani yanayoguna kama wazee, kwa hiyo mlio wa kwanza hakuujali. Alifungua bomba. Kabla maji hayajaja, yalikuja meno.

Meno yaliyokuwa yakigongana kwa baridi, ndani kabisa ya bomba, kwa kasi, na katikati ya mgongano ule jino moja lililotoa mlio mkavu kuliko mengine, mlio wa jino la bandia, ambao Hilary alikuwa ameusikia kila Jumamosi kwenye gari wakirudi nyumbani hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, ambao angeutambua hata angeusikia sokoni, kwa sababu jino lile walikwenda kulichagua pamoja na wakacheka mpaka daktari akawakemea, na sasa lilikuwa likigonga gizani ndani ya chuma na mwenye jino alikuwa huko, mzima, akiganda.

"Keith?" alinong'ona. "Keith, ni wewe?"

Meno yakaenda mbio zaidi.

"Unaongea na nani, mpenzi?"

Alikuwa mlangoni nyuma yake, na ngazi hazikuwa zimelia.

"Samahani," alisema Hilary. "Nilikuwa naongea peke yangu. Samahani."

Yule mtu akatabasamu. Maji yakaanza kumtoka chini ya joho, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye vidole vya miguu ya Hilary, yakiwa na uvuguvugu, na katika bomba meno yakapungua kasi, kana kwamba mtu ameyawekea mkono juu.

Ijumaa yaligonga mara mojamoja, na katikati kimya kirefu. Hilary alijua maana yake. Alichukua funguo za gari, akaenda kanisani na viatu vya ndani.

Mchungaji Philippa, mwanamke mfupi wa makoti marefu, alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutaja hali ya hewa, na hilo peke yake lilimfanya Hilary alie.

"Wengi wameniambia Keith amebadilika," mchungaji alisema kwa sauti ya chini.

"Walikuambia wewe? Mimi mbona hawakuniambia?"

"Waliona si vizuri." Akavua miwani. "Sikiliza, dada. Bibi yangu alikuwa wa hapa hapa, na dude kama hilo liliingia nyumbani kwake kwa sura ya dada yake. Umelifukuza?"

"Nimeliambia bila shaka lina mambo mengi ya kufanya kwao."

"Hilary."

"Na nilikusanya vikombe."

"Hilary, hilo ni jini. Vikombe halielewi. Ukilikaribisha linakaa, ukiliomba radhi linaota mizizi. Kesho lipeleke ukingoni, pale lilipoingilia, ulifukuze kwa mdomo wako, wazi, kama mbwa aliyeingia jikoni. Mimi nitaomba, lakini mwenye nyumba ni wewe. Na lile neno la radhi usilitamke. Si kwake, si kwa mtu mwingine yeyote, mahali maji yake yanaposikia. Kwake neno hilo ni mlango, jini halijali umemwambia nani."

"Mpaka lini?"

"Bibi yangu hakulitamka tena mpaka anakufa," alisema mchungaji. "Watu walimwita mkorofi."

Jumamosi jini lilikwenda bila ubishi. Lilipenda ziwa. Waogeleaji walikuwa ndio kwanza wanatoka majini, wekundu kama kamba waliochemshwa, vikombe vinawachezacheza mikononi, na Denise akiwa na kisu chake juu ya keki. Mchungaji Philippa alisimama kwenye gati, midomo ikisogea. Hilary alimshika mumewe wa uongo mkono wa joho, akamwongoza mpaka maji yalipogusa viatu vyao.

"Wewe si mume wangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Ondoka."

Mazungumzo yote yakakatika. Watu wakatazama ndani ya vikombe vyao.

"Hil," lilisema jini, kwa sauti ya Keith, ile sauti yake ya kwenye sherehe za watu. "Hil, unatuaibisha. Wanatuangalia."

Halikuwa na silaha kali kuliko hiyo. Uso wa Hilary uliwaka moto.

"Shoga," Denise akaita taratibu, "labda umechoka tu. Njoo ukae, unywe chai."

Na lile neno la radhi likaja. Lilimpanda Hilary kooni kama kwikwi, lenyewe, jinsi lilivyopanda maisha yake yote, likafika nyuma ya meno, jini likainama kulipokea, kinywa wazi, na ndani ya kinywa kile hakukuwa na ulimi wala meno, palikuwa na maji meusi yaliyotulia, na kutoka chini kabisa ya maji hayo Hilary akasikia jino moja likigonga, mara moja, kwa unyonge, kisha akangoja lingine na halikuja.

Akajiuma ulimi mpaka ukatoka damu.

"Toka!" alipiga kelele, na ndege wakaruka kwenye matete. "Toka, mwizi wewe! Unanuka! Sikutaki nyumbani mwangu, sikutaki kitandani mwangu, na kiazi changu hutakula tena hata kimoja! Toka! Toka!"

Sura ya Keith ililegea. Joho likaanguka kwenye changarawe, tupu, likimwaga maji yaliyokimbilia ziwani, na karibu na gati kikaibuka kichwa, cha buluu, kimefumba macho. Denise ndiye aliyeacha kisu na kujitupa majini kwanza. Walimburuta nje Keith wa kweli, na baada ya muda ambao Hilary hataki kuukumbuka, alianza kutetemeka. Alitetemeka mpaka ikabidi watu wawili wamshike. Hilary alilia kwa furaha na kumbusu meno yale yaliyokuwa yakigongana.

Jioni alimweka jikoni, karibu na jiko, na blanketi zote za nyumba. Alimmiminia chai. Keith alishika kikombe kwa mikono miwili na kwa muda mrefu hakunywa.

"Nilikuwa nasikia," alisema hatimaye. "Mabomba yanapita kila chumba. Nilisikia kila kitu."

Hilary akakaa.

"Nilikuita tangu siku ya kwanza. Na kila jioni nikakusikia ukimuuliza kama anataka viazi zaidi." Alimtazama, na macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulijua si mimi, Hil. Ulijua tangu ukingoni. Huna la kuniambia?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja tu, na kwa mara ya kwanza maishani alilimaanisha kwa moyo wake wote. Alifungua kinywa. Kwenye sinki, bomba ambalo lilikuwa likidondosha maji tangu asubuhi liliacha kudondosha. Chini ya sakafu mabomba yote yalinyamaza, kama mtu aliyezuia pumzi ili asikie vizuri.

"Kunywa chai yako," Hilary alimwambia mumewe. "Itapoa."