Tiki Mia Mbili na Arobaini

Kila nikirudi shuleni huvua viatu mlangoni, hula kilichofunikwa mezani, kisha huchungulia chumba cha kazi cha mama. Mama hutengeneza kengele za wagonjwa. Mgonjwa akibonyeza kitufe kando ya kitanda, taa huwaka kwenye ubao wa wauguzi. Katikati kuna kompyuta ndogo, na mama ndiye aliyeandika kiini cha mfumo endeshi wake, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamua nani asikilizwe kwanza.

Jumatano ile hakuwa peke yake. Muuguzi mkuu alikaa kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono.

"Mwenzangu, sina ugomvi na wewe," alimwambia mama. "Lakini tangu uzifunge wodini Jumapili miito inapotea, na jana bibi wa kitanda cha tisa alibonyeza, taa haikuwaka. Akajaribu kwenda msalani mwenyewe, akaanguka. Bahati yake hakuvunjika. Ijumaa nikikuta hali ni hii hii, nazing'oa zote."

Alipotoka, mama alisukuma bisibisi mbali naye. "Siku ya nne hii. Nyaya nimebadilisha, vitufe nimefungua kimoja kimoja. Na karatasi yako inasema hapa nyumbani taa zote ziliwaka."

Ile karatasi ilikuwa na tiki mia mbili na arobaini kwa mwandiko wangu: vitufe kumi na viwili, kila kimoja mara ishirini.

Nyumbani wananiita Chapchap, na jina hilo sikulipata bure. Mama aliniagiza nibonyeze kitufe kimoja, nitazame taa, niandike. Lakini Jumamosi ile wenzangu walikuwa nje na kamba ya kuruka, wananiita. Nikabonyeza viwili viwili, kwa mikono yote, nimalize upesi. Mara kadhaa iliwaka taa moja tu. Nikajiambia kidole kimelegea, nikaweka tiki mbili.

Sasa mama alikuwa anafungua skrubu zilezile za seti ya majaribio, pacha wa ile ya wodini, kwa mara ya tatu, macho mekundu. Nilijichukia. Nilitaka kunyamaza, lakini nikamfikiria yule bibi sakafuni.

"Mama, karatasi ni ya uongo."

Nikamweleza yote, nikingoja kelele. Hazikuja.

"Viwili kwa pamoja?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ikawaka moja?"

"Mara saba, nane hivi. Sikuhesabu."

"Siku nne, Chapchap," alisema taratibu, na hilo likanichoma kuliko kofi. "Siku nne nahangaika na nyaya zisizo na kosa kwa sababu niliamini mkono wako."

Akavuta kikaratasi kilichokuja na chipu moja ndogo kama ukucha, akakisoma akiwa amekunja uso. "Kazi ya chipu hii ni kuikatiza kompyuta: acha unachofanya, kitufe fulani kinaita. Kompyuta lazima ijibu 'nimesikia'. Chipu nilizozoea, hata ukijibu baada ya kumaliza kazi, zinakutunzia mwito wa pili. Hii niliichukua kwa kuwa zile zilikosekana, na kumbe ina kichwa chake. Usipoijibu kwanza, haipokei mwito mwingine."

"Na anayeita katikati?"

"Anapotea. Kama bibi."

Kwenye programu yake, mama hakugusa utaratibu wa chipu zile alizozoea. Aliiandikia hii wa kwake peke yake: jibu kwanza, kazi baadaye. Mistari sita tu, lakini alikosea mara mbili, kompyuta ikagoma kuwaka, akafyonya na kuanza upya. Hatimaye akanipa karatasi mpya. Safari hii nibonyeze viwili viwili kwa ruhusa, jozi zote sitini na sita.

Nje kamba ilikuwa inapiga chini. Wenzangu wakaniita, nikawaambia leo sitoki. Jozi ya arobaini na moja, taa moja haikuwaka. Kidole kilikuwa kimeteleza, nilikihisi kabisa. Mkono ulinisihi niweke tiki, maana nani angejua? Nikaweka alama ya kosa, na kando yake nikaandika: "Nadhani kidole kiliteleza. Nimerudia mara tano, zimewaka zote."

Ijumaa tulienda wodini, mama akatia programu mpya, na muuguzi mkuu akaja uso umekaza. Alibonyeza vitufe mwenyewe, viwili, vitatu, kwa fujo kabisa, na kila taa ikawaka. Kisha akaichukua karatasi yangu na kuweka kidole kwenye ile alama ya kosa.

"Na hii je?"

"Hiyo ndiyo inayonifanya niziamini hizo nyingine sitini na tano," mama alijibu. Akanigeukia. "Kosa ukiniandikia, mwanangu, nitalitafuta mpaka nilipate. Ukinifichia, mgonjwa ndiye atakayelipata kabla yangu."

Muuguzi mkuu aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka bila kung'oa kitu.