Mugeni wa Faridi

Barieri ya Magara, kizuizi cha jeshi barabarani, ilijaa watu siku ile. Mabasi yaliyotoka Bujumbura kwa msafara, gari la wanajeshi mbele na jingine nyuma, yalikuwa yamesimamishwa kando ya ziwa, na abiria wote wameteremshwa wapite kwa miguu, vitambulisho mkononi. Wauza samaki hawakupoteza nafasi. Walipenya kwenye foleni na sahani za mikeke ya kukaanga, wakitaja bei kwa sauti. Vita vya Burundi vilikuwa vimeingia mwaka wa tisa, na watu walikuwa wamezoea kula samaki huku wakingoja kupekuliwa.

Katikati ya foleni alisimama msichana mrefu, mwembamba, kavaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na juu yake sweta jeusi zito. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Dada, utaiva ndani ya hilo sweta," sauti ya kiume ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana alikuwa na kofia nyeupe iliyofumwa kwa mkono, shati la mikono mifupi lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu aliyeshuka basi, na macho ya kucheka.

"Mama alisema nisilivue mpaka nifike," alijibu msichana. "Kwetu Bukavu kuna baridi."

"Na Mama hajawahi kufika Rumonge."

"Hajawahi."

Wakacheka wote wawili. Hapo zamu ya msichana ikafika.

Jina lake lilikuwa Schékinah, mwanafunzi wa chuo. Walimu walikuwa wamegoma, likizo ikarefuka, na shangazi yake wa Rumonge, Chanceline, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha sabuni, akampigia simu: njoo ufanye kazi, ule samaki, uone ziwa, urudi na nauli na nguo mpya. Schékinah hakuwahi kuvuka mpaka. Kirundi alikuwa hajui zaidi ya *amahoro* na *murakoze*.

Askari alitazama karatasi yake ya kupitia. Muhuri ulikuwa umelowa jasho, umebaki doa la bluu. Akakunja uso, akauliza kwa Kirundi yeye ni nani na anatoka wapi. Schékinah alibahatisha.

"Mi ni mugeni tu," alisema.

Uso wa askari ukakunjuka. "*Umugeni!* *Umugeni wa nde?*"

Kwa Kirundi, umugeni ni bibi harusi. Askari alikuwa anamuuliza yeye ni bibi harusi wa nani. Schékinah alidhani anaulizwa ni mgeni wa nani, na kabla hajamtaja shangazi yake, yule kijana wa nyuma akasogea mbele.

"*Ni uwanje*," alisema. Ni wangu.

Askari akawatazama, akatabasamu, akarudisha karatasi. "*Urugo ruhire!*" aliwatakia. Mjaliwe nyumba yenye heri.

"Murakoze," alijibu Schékinah kwa adabu, na wanawake wote wa foleni wakapiga makofi.

"Umewaambia nini?" alimuuliza kijana walipofika upande wa pili.

Faridi, maana ndilo lililokuwa jina lake, fundi cherehani wa soko la Rumonge, alifungua mdomo amweleze. Akaona jinsi alivyokuwa akipumua kwa kupona, sweta sasa mkononi, shingo ikimeremeta kwa jasho.

"Nimewaambia uko na mimi," alisema. Na huo haukuwa uongo kabisa.

*

Maisha ya Rumonge yalimchanganya Schékinah tangu siku ya kwanza. Joto halikuondoka hata alfajiri. Kiwanda cha shangazi kilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na kila kitu mle ndani kilinukia mawese: nywele, shuka, hata mkate. Kazi yake ilikuwa kukoroga pipa kwa mwiko mrefu kama kasia, akisimama mbali na soda kali isimrukie, kisha sabuni ikiganda aikate miche kwa waya. Wiki ya kwanza viganja vilimchubuka. Alilala mapema kwa sababu baada ya magharibi hakuna aliyeruhusiwa kutembea, na akiwa kitandani alijiuliza hii ndiyo likizo ya namna gani.

Lakini kilichomshangaza zaidi ni watu. Walimpenda mno. Sokoni, muuza ndagala, dagaa wa ziwa, alimjazia kikombe kikafurika.

"Ya mugeni hiyo," alisema mama yule. "Ule, unenepe!"

Muuza nyanya akamwita mugeni. Fundi baiskeli akamwita mugeni. Siku moja kundi la wanawake lilimzunguka penye mawese.

"Mugeni wetu, ni lini basi?"

Schékinah alidhani wanauliza ataondoka lini. "Mwezi wa tisa, mwishoni," alijibu.

Wakapiga vigelegele. Alirudi nyumbani na kapu lake, kichwa kinamzunguka.

"Tantine," alimwambia shangazi, "watu wa hapa beko bazuri sana, lakini nikisema naondoka, wanashangilia."

Chanceline, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, hakuinua macho kutoka kwenye pipa. "Koroga, mutoto. Sabuni inashika chini."

Na Faridi? Faridi alipita kila Jumamosi kununua sabuni, mpaka Chanceline akauliza kama anaila. Simu ya kiwanda ilishika mtandao penye lango tu, na ikilia saa za mchana, Schékinah ndiye aliyekimbia.

"Allo, kiwanda cha sabuni."

"Nataka mche mmoja wa sabuni yenye sauti kama hiyo."

"Faridi! Unatumia pesa ya kabine ya simu kusema upuuzi?"

"Nikisema la maana utakata simu."

"Jaribu."

Nyuma ya Faridi zikasikika cherehani na kelele za soko.

"Nimepata kitambaa cha hariri, rangi ya ziwa saa kumi jioni. Njoo nikupime."

Alikwenda. Faridi alimpima mabega kwa futikamba bila kumgusa, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima. Schékinah alimcheka, akamwambia kwa kupima hivyo gauni litatoka na mkono mmoja mrefu. Lakini jioni ile alikaa kwenye mawe ya ufukweni akiosha mawese miguuni, na hakujua kama ana furaha au anaumwa. Alikuwa binti wa shemasi. Faridi alikuwa kijana wa msikitini. Zaidi ya hayo, mwisho wa likizo ulikuwa unakuja.

*

Alasiri moja mama yake Faridi aliingia uani kwa Chanceline. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, anaitwa Mama Wema kwa jina la bintiye mkubwa. Siku hiyo alivaa kanga mpya doti nzima, hina mikononi, na nyuma yake majirani wawili wenye sinia iliyofunikwa.

"Dada yangu," alimwambia Chanceline baada ya kuketi, "nimengoja mje, hamkuja. Nikasema labda Wakongo wana desturi nyingine. Lakini mji mzima unajua, mpaka askari wa Magara wanajua, na mimi mama ndiye nasikia sokoni kwamba harusi ni mwezi wa tisa. Na bibi harusi wa mwanangu anakoroga sabuni kama mtu asiye na wakwe. Nimekosa nini?"

Chanceline aliangusha kijiko. "Bibi harusi gani?"

"Huyu hapa. Mugeni wa Faridi."

Schékinah alikuwa mlangoni na waya wa kukatia sabuni mkononi. Neno lile, alilolibeba wiki zote zile, likageuka ndani ya kichwa chake na kumtazama kwa sura nyingine. Ndagala zilizofurika. Vigelegele. Makofi ya barieri.

"Schékinah!" Chanceline alinguruma. "Ndugu yangu amenipa mutoto wa likizo, we umeolewa barabarani?"

Schékinah aliutupa waya chini. Alipita katikati yao na aproni yake yenye mawese, akaenda moja kwa moja sokoni.

Faridi alimwona akija, akajua. Akasimamisha cherehani.

"Ulisema nini kwa yule askari?"

"Ungezuiwa, Shé. Muhuri haukusomeka. Wengine walikuwa wanawekwa pembeni."

"Sikuulizi ya askari! Ya siku zote zilizofuata. Umeniacha nizunguke mji mzima kama mjinga. Nimewaambia mwezi wa tisa, Faridi! Nilikuwa nasema tarehe ya harusi yangu na mi sijui!"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Kila Jumamosi," alisema Faridi kwa sauti ndogo. "Halafu nikawa napenda kusikia wakikuita hivyo. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine."

Mafundi wenzake wakajifanya wanatunga uzi kwenye sindano.

"Wale mama walionipa samaki," Schékinah alisema, "walimpa nani? Walikuwa hawanipendi mimi. Walimpenda mtu uliyemtunga wewe. Na wewe unampenda nani?"

Hakungoja jibu. Akaondoka, na gauni la rangi ya ziwa likabaki limening'inia ukutani.

*

Tangu siku hiyo hakuitwa mugeni tena. Aliitwa kwa jina lake, kwa uangalifu, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Simu ililia, akamwachia shangazi. Aliwaza kuondoka mapema, akakumbuka hana nauli, akawaza kubaki, akaona aibu. Hata sabuni ilimkataa: pipa zima halikuganda.

Kisha siku ya soko, mchana kweupe, milio ya bunduki ilisikika milimani, upande wa Bugarama. Mwanzoni mbali, kisha karibu. Mji mzima ukamwagika kuelekea ziwani, magodoro vichwani, mbuzi, vyungu vyenye chakula cha moto. Schékinah alikuwa ametumwa chumvi. Alijaribu kurudi kwa shangazi, lakini umati ulimbeba kama maji, ukamtua mchangani kati ya mitumbwi, kiatu kimoja kimepotea.

Mkono mdogo wenye hina ulimshika.

"Kaa hapa," alisema Mama Wema. Alivua kanga moja ya juu, akamfunika mabega, akamkalisha ubavuni mwake. Muuza ndagala alikuwa hapo pia. Alimpa maji bila kumwita chochote.

"Mama," Schékinah alisema, "mi si bibi harusi wa mtu."

"Najua, mwanangu. Kunywa maji."

Hapo ndipo alipolia.

"Faridi iko wapi?" aliuliza alipopata sauti.

Mama Wema alitazama njia. "Amekwenda kukutafuta kwenye sabuni. Nilimshika shati, akaliacha mkononi mwangu." Na kweli alikuwa amelikumbatia shati mapajani, lile lililopigwa pasi vizuri.

Walingoja. Kila mlio wa bunduki Schékinah alihesabu nyumba kati ya kibanda cha mabati na ziwa, akakosea, akaanza tena. Alikuwa amechanganyikiwa majuma mengi. Sasa hofu ilimfagia kichwa kikabaki na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa anaonekana.

Alitokea jua likianza kulegea, fulana imelowa, anasukuma baiskeli. Juu ya kiti cha nyuma alikaa Chanceline, mguu mmoja umevimba kwa kuteguka, anamkemea njia nzima kwamba anamyumbisha. Faridi alipomwona Schékinah, aliachia baiskeli. Chanceline akaishikilia mwenyewe, akipiga kelele.

"Hukuwepo," alisema Faridi. "Nimefungua hata mapipa."

"Kwenye mapipa ningefanya nini, mujinga wee?" Alikuwa anamshika uso kwa mikono yote miwili, mbele ya mama yake, mbele ya mji. "Ungepigwa risasi kwa ajili ya sabuni!"

"Uliniuliza nampenda nani. Nimekuja na jibu, lakini limenitoka njiani."

Milio ilififia kabla ya magharibi. Watu walianza kurudi, wakitembea kimya. Faridi alimvuta kando, kwenye mawe.

"Sasa nakuomba wewe, si askari. Unioe... nikuoe... unaelewa."

Schékinah alitazama maji. "Sijui, Faridi. Dini sijui. Baba sijui. Chuo sijamaliza. Nakupenda, hilo najua. Mengine usiniulize leo."

Hakumuuliza. Mwisho wa mwezi wa tisa aliondoka na msafara, amevaa gauni la rangi ya ziwa, na Chanceline akampa miche ya sabuni mpaka mfuko ukachanika.

*

Bukavu ilikuwa ya baridi, na sasa kwao ndiko kulikomchanganya. Aliwajibu majirani *amahoro*, wakamshangaa. Aliamka akitafuta harufu ya mawese. Alimweleza mama yake kila kitu, kisha akaingia sebuleni akamweleza baba. Shemasi alisikiliza, akachukua kofia yake, akaenda kwenye shamba la nyuma.

Siku kadhaa baadaye, mwenye kabine ya simu ya soko la Rumonge alimwita Faridi. Alikuja mbio, sindano bado mdomoni.

"Shé?"

"Ni mimi. Nimemwambia Baba."

"Amesema nini?"

"Alinyamaza. Hakuzungumza na mimi, hakuzungumza na Mama. Nikajua imekwisha. Jana mezani akauliza: huyo kijana anakula nini?"

Faridi alitoa sindano mdomoni. "Ukamwambia?"

"Kila kitu ila nguruwe. Na nyama lazima ichinjwe na Mwislamu. Akafikiri sana. Akasema hapa mtaani Mwislamu hayuko, lakini mbuzi iko. Basi uje, na uichinje wewe mwenyewe."

Laini ilikwaruza. Faridi akavuta kamasi.

"Faridi? Unalia?"

"Shé, mpenzi wangu, mimi ni fundi cherehani. Sijawahi kuchinja hata kuku."

"Basi jifunze," alisema Schékinah, akicheka na kufuta macho kwa mkono wa sweta. "Uko na mpaka Noeli."