Kiganja cha Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi alikunywa kwanza dawa yake. Aliiweka chupa nyuma ya cherehani. Glasi moja tu, mikono inaacha kutetemeka. Ndipo anashika mkasi.

"Nazimua," alimwambia mkewe. "Ya jana inazimuliwa na ya leo."

"Na ya leo itazimuliwa na nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Na ya kesho. Mbona hesabu nyepesi?"

Miaka tisa ilikuwa hesabu hiyohiyo. Siku moja Fundi alikata suruali ya mteja, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kisha akasahau ni ya nani. Mama Pacha akaona sasa maji yamezidi unga.

Mdogo wake Fundi akaja na ushauri. "Shemeji, kinachokuponza ni huruma. Mfungie ndani siku tatu. Pombe itamtoka kama jasho."

Fundi mwenyewe akaitikia. "Nifungeni. Hata mimi nimejichoka."

Jumatatu asubuhi wakamwaga pombe yote. Wakatia kufuli mlangoni. Ufunguo Mama Pacha akaufunga kwenye pindo la nguo.

Jioni Fundi alianza kutetemeka na kutoka jasho. Chakula hakikupita. Jumanne asubuhi Mama Pacha alimsikia akipangusa ukuta.

"Mke wangu, nitolee hawa sisimizi."

Alichungulia dirishani. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata mmoja.

"Nipe kidogo. Hata kijiko kimoja," Fundi aliomba. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Usimpe," alisema shemeji. "Hayo ni maigizo. Namjua kaka yangu tangu utotoni."

Mama Pacha alishika pindo lake. Akifungua, ataonekana hana msimamo. Asipofungua, je? Mara wakasikia kishindo.

Aliufungua mlango. Fundi alikuwa sakafuni. Mwili umekakamaa, unarukaruka, meno yamebanana. Shemeji akakimbilia kijiko amtie mdomoni.

"Kiweke chini hicho," sauti ilisema nyuma yao. "Utamvunja meno."

Alikuwa Nesi, jirani wa chumba cha pili, ametoka kazini na mkoba bado begani. Alisogeza kiti mbali. Akakunja kitambaa, akakiweka chini ya kichwa cha Fundi. Mwili ulipolegea, akamlaza kwa ubavu.

"Ameacha kunywa lini?"

"Jana asubuhi," alijibu Mama Pacha. "Tulikuwa tunamsaidia."

"Na alikuwa anakunywa kila siku?"

"Kila siku."

"Tafuteni gari. Sasa hivi."

Shemeji akasita. "Hospitali, kwa ajili ya pombe? Si watatucheka? Akilala itapita."

"Ikimrudia anaweza kufa," alisema Nesi.

Mama Pacha hakungoja mabishano yaishe. Alitoka pekupeku hadi barabarani, akasimama katikati ya njia mpaka gari likasimama.

Hospitalini Fundi alichomwa sindano, akawekewa dripu. Mama Pacha alikaa kwenye benchi kati ya Nesi na shemeji, macho makavu.

"Sielewi," alimwambia Nesi. "Sumu imeacha kuingia. Mbona ndipo ameanguka?"

"Cherehani yenu ya miguu unaisimamishaje?"

"Naacha kukanyaga, naweka kiganja kwenye gurudumu."

"Ubongo nao una mguu na kiganja. Seli zake zinapelekeana habari kwa kemikali ndogo mno, jicho halizioni. Ipo ya kuchochea, inaitwa glutamati. Huo ndio mguu. Ipo ya kutuliza, inaitwa gaba. Hicho ndicho kiganja. Kila moja ina vipokezi vyake, kama kifungo na tundu lake. Pombe inakipa kiganja nguvu na kuubana mguu. Ndiyo maana mlevi analegea."

"Hapo nimekupata."

"Sasa mtu akinywa kila siku, ubongo unajitetea. Vipokezi vya kutuliza vinadhoofika. Vya kuchochea vinaongezeka. Unazoea kwenda na kiganja cha kuazima."

Mama Pacha akakitazama kiganja chake. "Na sisi tukakiondoa ghafla."

"Chake kikiwa kimedhoofika. Mguu ukakanyaga bila wa kuuzuia. Ndiyo mitetemeko, ndiyo wale sisimizi, ndiyo kuanguka."

"Kumbe mimi ndiye niliyemwangusha."

"Ulitaka apone, ila njia siyo hiyo. Mnywaji wa kila siku haachi ghafla nyumbani. Anaanza kwa daktari. Hapa anapewa dawa ya kushika gurudumu, inapunguzwa siku hadi siku. Anapewa na vitamini B1. Wanywaji wengi wanaikosa, na ikikosekana kumbukumbu inaharibika."

"Mimi nilidhani kakosa adabu tu," alisema shemeji kwa sauti ndogo.

"Adabu haina vipokezi, ndugu yangu. Huu ni ugonjwa."

Jumatano Fundi hakumjua mkewe. "Njoo Ijumaa, dada, gauni lako halijaisha," alimwambia. Mama Pacha akaitikia kama mteja, akatoka nje akaegemea ukuta. Akili ya mumewe itarudi, au ndiyo imekwenda? Daktari alisema wangoje. Wakangoja.

Jumamosi Fundi aligeuza shingo. "Mama Pacha, watoto wamekula?"

Aliitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani hakukuwa lelemama. Usingizi ulimpaa. Kiu ilimjia saa zilezile za zamani. Nesi alisema vipokezi vinachukua wiki, hata miezi, kurudi sawa, tena akirudia pombe vinaharibika upya. Kila Alhamisi Fundi alikwenda kliniki kukaa na wenzake wanaoacha. Shemeji alimsindikiza, akawa anamngoja nje.

Mwezi wa tatu tangu aache pombe, mteja mmoja alikuja kupimwa gauni. Fundi alizungusha futi kiunoni mwake.

"Thelathini na sita. Mwezi uliopita ulikuwa thelathini na nne, shangazi."

"Nani kakwambia?" mteja alikasirika. "Uliandika wapi?"

"Sikuandika. Nimekumbuka."

"Basi sahau," alisema mteja.

Mama Pacha, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia chumbani akicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akakaa kitandani, akayaacha yatiririke.