Huko Goma Hakuna Anayenijua

Kila asubuhi Uwamariya huosha karoti zake. Huzipanga ndefu juu na fupi chini, kama wafanyavyo wachuuzi wote duniani, kisha hujitwika karai. Wakati huo mumewe, Wellars, ameshaondoka na pikipiki kutafuta abiria wa kwenda soko la Mahoko. Binti yao, Umutoni, yuko njiani kwenda shule. Uwamariya huvuka mpaka wa nchi na wenzake, huuza karoti Goma, mji wa ng'ambo, na alasiri hurudi nyumbani Gisenyi.

Goma ni karibu, mtu huenda kwa miguu. Ndiyo maana sisi watu wa Gisenyi tuna desturi moja. Jambo tusilotaka jirani alijue tunalipeleka Goma. Tunanunua huko dawa za aibu. Tunaomba huko ushauri wa siri. Hata mwenye kutaka kulia bila kuulizwa huenda kulilia huko. Tunasema, "Kule hakuna mutu ananijua."

Siku moja kituo cha afya kiliwaita wanawake waliofikisha miaka thelathini. Waje wapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Uwamariya hakuwa na maumivu yoyote. Alienda kwa sababu wenzake walienda. Muuguzi mmoja, jina lake Umutesi, alimpa kijiti laini na kumweleza jinsi ya kujipima mwenyewe nyuma ya pazia. Haikuchukua muda. Uwamariya alirudi nyumbani akicheka na wenzake, akasema kumenya vitunguu kunatoa machozi zaidi.

Baada ya wiki chache Umutesi alipiga simu. Alisema kipimo kimeonyesha virusi kwenye mlango wa kizazi. Si saratani, alisema, na si UKIMWI. Lakini Uwamariya arudi aangaliwe, na ikibidi atibiwe mapema.

Uwamariya aliuliza virusi hivyo vinatoka wapi. Umutesi alijibu kwamba huambukizwa katika tendo la ndoa. Hapo Uwamariya akaacha kusikiliza.

Alikuwa na sababu. Mtaani kwake kuna utani kuhusu wanawake wanaovuka mpaka. Watu husema, "Wanapeleka karoti. Na wanarudisha nini?" Siku moja mwendesha pikipiki mmoja, rafiki wa Wellars, alisema utani huo mbele yao, na Wellars akacheka. Ni kicheko kidogo tu, lakini Uwamariya hakukisahau. Sasa aliogopa. Mume aliyecheka utani, akisikia habari ya virusi, atasema nini?

"Ndiyo, nakuja," alimwambia Umutesi. Hakwenda. Umutesi alipiga tena, naye akajibu vilevile.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tunaijua wote, na kila mmoja wetu humwambia mwenzake.

Uwamariya alikuwa amesikia kuhusu mama mmoja wa Goma anayetoa dawa za miti kwa magonjwa ya wanawake. Siku moja alimwachia mwenzake karai, akapita nyuma ya soko, kati ya nyumba zilizojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Alijifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Uani kwa yule mama kulikuwa na benchi. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi, amejifunika mtandio mpaka puani. Uwamariya aliketi upande wa pili. Wote wawili walitazama chini.

Muda ukapita. Yule mwanamke akanyoosha mkono, akashika pindo la kitenge cha Uwamariya.

"Hii kitenge," alisema polepole, "njo mi niliishona."

Alikuwa Rayhana, fundi cherehani, jirani yake. Nyumba zao zinatenganishwa na ukuta mmoja. Walitazamana, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mtandio ukaanguka. Kisha Rayhana akaanza kulia, na Uwamariya akaona jinsi uso wake ulivyokonda.

Rayhana alimweleza yote. Yeye pia alipimwa, mwaka uliopita. Yeye pia aliitwa arudi, akaona aibu. Aliogopa majirani wangemwona kwenye benchi la kituo cha afya. Sasa alikuwa akitokwa damu isiyo ya mwezi, hasa baada ya kulala na mumewe. Alikuwa na uchafu wenye harufu. Dawa za miti alizitumia kwa miezi, akajiosha nazo, zikamuunguza tu.

"We unasikia maumivu?" Rayhana alimuuliza.

"Hapana. Sisikie kitu."

"Ata mi mwaka jana sikusikia kitu. Njo maana sikurudi."

Uwamariya aliinuka, akamshika Rayhana mkono. Mwenye dawa alipofungua mlango kuwaita, benchi lilikuwa tupu.

Kesho yake hawakuvuka mpaka. Walienda pamoja kituo cha afya. Rayhana alitembea polepole, Uwamariya akamngoja kila alipopumzika. Umutesi hakuwagombeza. Aliwakaribisha, akafunga mlango, akaeleza kwa maneno ambayo kila mtu anaweza kuyaelewa.

"Hii virusi watu wengi wanaipata," alisema. "Kwa wengi, mwili inaifukuza yenyewe. Kwa wengine inabakia. Inakaa miaka mingi, inaharibu mulango ya kizazi pole pole, bila maumivu. Kama tunaiona mapema, mbele saratani haiyakuja, tunatibu hapa hapa, na mama anarudia nyumbani siku ile ile. Kama munangoja maumivu, munatukuta tumechelewa."

Aliongeza kwamba mabinti kama Umutoni wanachanjwa shuleni ili virusi hivyo visiwashike. Mama zao hawakupata chanjo hiyo walipokuwa wadogo. Kwa hiyo kinga yao ni kupimwa, na kurudi wanapoitwa.

Kisha akamwangalia Uwamariya kwa kutumia kifaa na dawa inayofanana na siki. Kulikuwa na doa dogo jeupe kwenye mlango wa kizazi. Alisema atalichoma kwa kifaa chenye joto, dakika chache tu, na maumivu yatakuwa kama ya siku za mwezi. Baadaye majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, asiogope. Lakini asilale na mumewe kwa wiki sita, mpaka kidonda kipone.

Uwamariya alisema hathubutu kumweleza mumewe. Wiki sita. Angemdanganya Wellars namna gani wiki sita?

"Muite," Umutesi alisema. "Nitamuambia mi na we pamoja."

Wellars alifika mbio akidhani mkewe amegongwa na gari. Alipomwona mzima aliketi, kofia yake ya pikipiki magotini. Umutesi alimweleza. Wellars alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Donc, sasa iko kwake tangu wakati gani?"

"Hakuna mutu anaweza kujua," Umutesi alijibu. "Inaweza kulala mu mwili miaka mingi. Inaweza kutoka kwako, ao kwake, ao zamani, mbele mujuane. Wanaume wengi wako nayo na hawaone alama. Hii haionyeshe nani alikosa."

Wellars aligeuza ile kofia mikononi. Uwamariya akapata ujasiri.

"Papa Umutoni, niliogopa kukuambia sababu ulicheka ile siku. Wakati rafiki yako alisema mambo ya karoti."

Wellars alikumbuka. Aliona haya, na haya hiyo ilionekana usoni.

"Sikupashwa kucheka," alisema. "Wakutunze. Wiki sita si kitu. Mi nakungoja hapa inje."

Alingoja kweli, akaacha abiria wa asubuhi nzima. Uwamariya alitibiwa, akarudi nyumbani kwa pikipiki, taratibu kuliko abiria yeyote aliyewahi kubebwa na Wellars.

Kwa Rayhana haikuwa rahisi hivyo. Umutesi aliona kidonda, hakukichoma. Alimpeleka hospitali wachukue kipande kidogo cha nyama na kukipima. Majibu yalikuja: saratani, lakini haijasambaa mbali. Rayhana alikwenda Kigali kwa matibabu ya mionzi. Alikaa huko wiki nyingi, mumewe akifunga na kufungua duka la ushonaji peke yake. Alirudi amekonda, amechoka, yuko hai. Bado anaenda kuangaliwa. Angerudi mwaka ule alipoitwa, safari yake ingekuwa ya asubuhi moja. Yeye mwenyewe husema hivyo, wala haoni aibu tena kusema.

Mwaka ulipotimia, Uwamariya alirudi, Umutesi akamwangalia tena kwa ile dawa kama siki. Rayhana alimsindikiza. Majibu yalikuwa mazuri, na wote wawili walitoka wakaketi nje kwenye benchi. Benchi la kituo cha afya linatazama barabara. Wote wanaokwenda mpakani hupita hapo.

Mchuuzi mwenzao, Cansilde, alipita na karai lake la kabichi. Alipowaona alisimama.

"Mama Umutoni, leo haupite Goma? Munafanya nini hapa?"

Zamani Uwamariya angesema mtoto ana homa. Sasa alijibu kwa sauti ya mtu anayeuza karoti.

"Tulikuja kupima mulango ya kizazi. We walikuita?"

Cansilde alitazama huku na huku barabarani. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba walimwita, tangu mwezi uliopita, na alikuwa anafikiri kwanza atafute dawa huko Goma, maana kule hakuna mtu anayemjua.

"Kule utatukuta sisi wote," Rayhana alisema.

Akasogea kwenye benchi, akimwachia nafasi. Cansilde akatua karai.